Milimita Kumi na Sita

Fundi,

Nilisema. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Wewe ulikufa ukiamini kwamba walininyang'anya maketi, ile nyumba yako ya kartoni, wakaisoma wenyewe. Sivyo. Walikuwa wameshaichezea na kuichoka, wanageuka kutoka. Mimi, ambaye ulinitania kwamba hata nikiungua siwezi kupiga kelele, ndiye niliyefungua mdomo.

Nitakueleza kwa mpangilio kama ulivyonifundisha, msingi kwanza, paa mwisho. Nikivurugika unisamehe.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilikuwa nimemaliza shule wiki ile, nina miaka kumi na saba, sijui niende wapi. Mama alikuletea suruali uliyompa aipunguze, akanisukuma mbele: "Huyu hana maneno, lakini mikono anayo." Juu ya meza yako kulikuwa na kilima cha Rebero, tabaka juu ya tabaka za kartoni, kila tabaka mita moja ya mwinuko. Nilitaka kukigusa nikaogopa. Ukasema, "Gusa tu. Mlima huu hauumi."

Siku hiyo hiyo nikajikata. Nilikikandamiza kisu kwa nguvu zangu zote kama ninayekata muhogo, kikaruka rula na kuingia kwenye kidole gumba. Damu ikamwagikia ukuta wa shule ya mteja. Hukunifokea. Uliutupa ule ukuta ukasema karatasi ikishakunywa damu haisafishiki, kata nyingine, na sasa pitisha kisu mara tatu, polepole, kama unayemkuna mtoto mgongo. Baadaye ukanifundisha kukata kona kwa mshazari ili unene wa kartoni usionekane. Ukanifundisha kutengeneza mabati kwa karatasi yenye mikunjo, ile inayofungia balbu. Gundi tuliipaka kwa kijiti cha kiberiti, kamwe si kwa kidole. Nilipobishana nawe juu ya milimita moja ukacheka mpaka ukakohoa, na tangu hapo ukaniita Milimita.

Halafu ukanipa mtihani. Nipime nyumba yako mwenyewe, nje na ndani, niijenge sentimita mbili kwa kila mita, paa liwe la kufunuka.

Nje nilipata mita tisa na sentimita sitini. Ndani, vyumba vyote pamoja na unene wa kuta, mita nane na themanini. Sentimita themanini zilikuwa zimepotea. Nilipima mara nne. Nilikuletea daftari huku machozi yananilenga, nikidhani utanifukuza. Wewe ukaenda kufunga mlango.

Ukaniambia kwamba mwaka wa tisini, vita vilipoanza kaskazini, walikuchukua kwa sababu ya neno moja, la kabila, kwenye kitambulisho chako, wakakupiga nyayo kwa nyaya za umeme wiki saba. Ulipotoka ulimwita Sefu, mwashi, akajenga ukuta wa pili nyuma ya stoo. Chumba chembamba, hakina mlango, unaingia kwa juu kupitia dari. "Waliojua ni mimi, mke wangu Mama Olive na Sefu," ukasema. "Sasa na rula yako imejua. Mama Olive usimwambie kwamba unajua, atakosa usingizi. Na kwenye maketi unenepeshe ukuta wa stoo uzibe hiyo nafasi. Milimita, sema uongo mara moja tu katika maisha yako."

Nikakubali. Nikaenda nyumbani nikaunenepesha. Ulionekana kama mdomo uliovimba. Kila nilipoutazama niliona aibu, kana kwamba mtu ataushika na kusema msichana huyu hakujua kupima. Nikaubandua. Nikakijenga chumba kama kilivyo, milimita kumi na sita za upana, kuta nne, hakina mlango. Nikafunika paa, nikaificha maketi chini ya kitanda, nikakuambia nimefanya ulivyosema. Ukaniamini hata hukuomba kuiona. Hilo ni kosa la kwanza.

Kisha ikaja Aprili ya tisini na nne. Mama Olive na mtoto walikuwa Bujumbura kwa Pasaka, na nashukuru. Asubuhi ya kwanza wenye mapanga walimuua njiani mwalimu jirani yetu akiwa na sufuria ya maziwa mkononi. Asubuhi ya pili mbwa walikuwa wamemfikia. Wewe ulikuwa umeshaingia ukutani. Kila filimbi zao zilipoteremka upande wa bondeni, nilipita uani kwako, nikapanda juu ya mapipa ya stoo, nikakuteremshia maji na maharage ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ulikuwa ukigonga ukuta mara mbili kwa kifundo cha kidole, maana yake nimepata, ondoka.

Siku ya kumi na mbili walikuja kwetu kutafuta waliofichwa. Wanaume wanne. Aliyewaongoza alikuwa Fideli, yule aliyekuwa akibeba saruji kwenye majengo, ambaye mwenyewe ulimpa kazi ya kupaka chokaa. Walimpigisha mama magoti uani, mmoja akamwekea rungu lenye misumari kisogoni. Wengine wakaingia nami ndani. Wakapindua kitanda. Maketi ikateleza sakafuni.

"He! Muone, hawa iko na nyumba ndani ya nyumba!" mmoja akasema.

Fideli akachutama. Alifunua paa kwa ncha ya panga, taratibu, na panga lilikuwa na damu iliyokauka hadi mpinini. Akaanza kutaja kama mtoto anayesoma picha. "Sebule. Chumba. Chumba ingine. Stoo. Na hapa? Wewe sha, mtoto, hapa mlango iko wapi?"

Nikatazama ncha ya panga.

"Nakuuliza. Mgeni wako ataingia kama nini, kama moshi?"

Wakacheka. Yule mwingine akasema, "Mwache, ni kamtoto ka shule. Hata kupima hakajui." Fideli naye akacheka, akaisukuma maketi kwa mguu, akasimama. Walikuwa wamegeuka, Fundi. Nimerudia kichwani mara nyingi kuona kama kweli walikuwa wamegeuka. Mmoja alikuwa ameshavuka kizingiti.

Nikasema, "Sikukosea. Nilipima mara nne."

Nimejaribu kujiambia ilikuwa hofu. Haikuwa hofu. Hofu ilikuwa imeanza kushuka. Ilikuwa ni kwa sababu amesema sijui kupima. Ni hilo tu. Watu walikuwa wanachinjwa barabarani, mama yangu amepiga magoti chini ya misumari, na mimi kitu kilichoniuma ni kuambiwa sijui kupima.

Fideli alirudi polepole. Hakuwa anacheka tena. Akachutama mara ya pili, akatazama ngazi za baraza, tatu, zenye kona iliyomeguka, maana hata ule mmeguko niliuweka. Yeye ndiye aliyepaka chokaa baraza yako. "Ahaa," akasema. Ndivyo tu. Kisha akaniambia, "Beba nyumba yako. Tangulia."

Nikaibeba. Mwalimu alikuwa bado amelala pale njiani, nikamruka. Na unajua nilikuwa nafanya nini, Fundi? Nilikuwa nimeishika kwa viganja viwili, sawasawa, isiinamie upande, gundi isiachie. Kama ulivyonifundisha.

Kwako Fideli hakuhangaika kutafuta. Alihesabu hatua nje, akahesabu hatua ndani, akaita nyundo ya kuvunjia mawe. Pigo la tatu ukuta ukatoboka. Walikuvuta kwa shati na nywele, ukatoka mweupe wote kwa vumbi la chokaa, umefumba macho kwa sababu ya mwanga. Ulipoyafumbua uliiona maketi mikononi mwangu. Uliitazama kwanza pale kwenye ukuta wa stoo, ndipo ukanitazama mimi.

"Huyu ni mwanafunzi wako?" Fideli akauliza.

Ukasema, "Vipimo nilimpa mimi. Yeye alikata kartoni tu."

Uliniokoa. Walikuwa wananishuku mimi kwa kukulisha, na ukanitoa kwa maneno hayo. Nami nilinyamaza. Hapo ndipo nilikumbuka kunyamaza.

Walikulaza kwenye kizingiti wakakuuliza mkono gani hushika kisu. Hukujibu, wakakata yote miwili. Kisha rungu. Sitaki kuandika, lakini nilikuwepo, na mtu mwingine aliyekuwepo ambaye angekulilia hakuna. Haikuwa haraka. Uliita jina la Mama Olive, ukaliita tena, halafu hayakuwa majina tena. Nilisimama pale na maketi mpaka ukanyamaza. Walikutupa kwenye shimo la choo, wakaninyang'anya maketi wakaitupa juu yako. Fideli akafuta panga kwenye sketi yangu. "Rudi kwa mama yako," akaniambia. "Umefanya kazi nzuri."

Mama alinivua ile sketi akaichoma.

Sasa wamekimbia, Fundi. Mwezi wa saba walipita kwa maelfu kuelekea Zaire, na Fideli kati yao. Mji una watu wapya, waliozaliwa Uganda, wanasema Kiingereza na wanatafuta nyumba zenye milango. Karakana yako haina bati hata moja. Ofisi fulani ilituma mtu kuuliza kama yuko anayejua kutengeneza maketi. Nikasema sijui.

Sefu ndiye aliyekutoa shimoni. Nilimwambia ulipo, naye hakuniuliza nimejuaje. Alishuka kwa kamba, akakutoa, akakuosha kwa mikono yake, akakuzika nyuma ya nyumba upande wa parachichi. Alikusomea dua anazozijua, akakuomba radhi kwamba za kanisani kwenu hazijui.

Na sasa Sefu yuko ndani.

Mama Olive alirudi mwezi uliopita. Alisimama mbele ya ule ukuta uliovunjwa, akahesabu kwa vidole. Watatu tu walijua. Mmoja amekufa, mmoja alikuwa Bujumbura. Na huyo wa tatu alijuaje kwamba uko chooni? Akawaambia askari wapya, wakamchukua Sefu, wakamfungia kwenye kasho ya sekta, kile chumba cha mahabusu cha serikali ya mtaa pembeni ya uwanja. Wanamuuliza nani alimwambia, anasema, "Niliambiwa," basi. Hanitaji. Nilimpelekea chai, akanong'ona dirishani: "Wewe mtoto, nyamaza. Wakijua uliona watakuonea." Anadhani niliona tu. Wamemvunja mkono wa kulia, Fundi. Mwashi. Alitunza siri ya ukuta wako miaka minne, mimi nikaitoa kwa pumzi moja, na mkono uliovunjwa ni wake. Jumamosi wanampeleka gereza kubwa. Huko wanalala wamesimama kwa kukosa nafasi, na miguu inaoza.

Mama Olive amenikumbatia. Amenipa rula yako ya chuma. Amesema mimi ndiye kitu pekee cha mikono yako kilichobaki. Nikaipokea. Nikasema asante, mama.

Siku tatu hizi nimekaa barazani kwetu nikiijenga tena ile maketi. Vipimo vyote bado ninavyo kichwani. Nimefanya hivyo kwa sababu watasema ninamtetea Sefu kwa kuwa tunaswali msikiti mmoja. Lakini mtu akilifunua paa akaona chumba kile, nikamwambia nilikijenga kabla ya Aprili na nani alikiona, hataweza kusema ninatunga. Mama amepita mara nyingi akaitazama. Leo ameuliza, "Ya nani hiyo?" Nikamwambia ni ya Mama Olive. Akaendelea kushona.

Ninaogopa. Sikufichi. Labda Sefu atatoka na mimi nitaingia. Labda Mama Olive hatanigusa, atanitazama tu, na hilo ndilo ninaloogopa zaidi. Nimefanya mazoezi ya kusema mbele ya ukuta. Nikifika kwenye yale maneno, sauti inakwisha.

Hata hivyo nakuahidi. Kesho saa mbili asubuhi, kabla hajatoka kwenda sokoni, nitakuwa mlangoni kwake. Nitasema Fideli alisema nini na mimi nilijibu nini, neno kwa neno, bila kunenepesha popote. Kutoka hapo nitakwenda sekta niseme tena, mbele ya Sefu.

Pumzika, Fundi. Samahani sitaiomba kwako leo, sijafika mahali pa kuiomba.

Ila kuna kitu kimoja nakuomba. Mama Olive anasema unamjia usingizini. Anasema unakaa ukingoni mwa kitanda, mdomo umejaa chokaa, na kila siku chokaa inapungua kidogo, na anajua siku moja utaweza kusema. Fundi, kama kweli ni wewe, usiku wa leo usimwambie. Siri hii nitunzie mpaka asubuhi tu. Akiisikia, na aisikie kwangu.

Milimita wako