Rangi Bado Mbichi

Jumatatu, 12 Oktoba 1987

Kocha Rosendo kaniuliza mimi! Si msaidizi wake — mimi, mzee wa kushona glovu za besiboli. Mdakaji wa kwanza ni Tirso, huyo hana mjadala. Wa akiba wapo wawili, nafasi moja. Braudilio, miaka thelathini na minne, magoti kwisha, gongo lake halimtishi hata nzi. Au Yoel, miaka ishirini, akipiga mpira unaangukia kwenye miwa nyuma ya ukuta. Nikajibu palepale: Braudilio! Nimedaka miaka kumi na tisa mimi, vidole vyangu vimepinda kama tangawizi. Mdakaji namjua kwa kuchuchumaa kwake tu.

Jumatano, 14 Oktoba

Mazoezi, jua linazama. Yoel kamwonyesha mrushaji ishara ya vidole, kaagiza mpira wa kunyooka. Mrushaji hakuviona vizuri — ukaja wa kupinda, ukampata refa nyuma yake kifuani! Refa akauliza, we kijana, una kisasi na mimi? Braudilio hupaka kucha rangi nyeupe, ishara zake zinasomeka hata kiza kikiingia. Nikamwambia Yoel apake.

"Mzee Nando, mimi mwanamume."

"Hata mimi! Nina watoto tisa, na kucha zangu zilikuwa nyekundu!"

Benchi zima kicheko. Yeye kanuna.

Ijumaa, 16 Oktoba

Braudilio kaja nyumbani. Mke wangu Nereida kampa ndizi za kuponda, kafuta sahani mbili. Kasema nisimpiganie. Goti halikunjiki, soksi anavalishwa na mkewe. Mfundishe dogo, mzee. Nikamwambia nikishasema nimesema! Akacheka tu. Kaacha chupa yake ya rangi mezani.

Kocha naye hajaamua. Kesho ligi inaanza, wote wawili watavaa jezi. Baada ya mechi mmoja harudi tena.

Jumamosi, 17 Oktoba

Naandika hapa benchini. Zamu ya tano. Tirso kapigwa na mpira kidoleni, daktari anamfunga. Ngoma za mashabiki zimenyamaza. Kocha kaja: mzee, nani? Braudilio anafunga kamba za kiatu, taratibu, hanitazami. Yoel kakaa ubavuni kwangu. Kaninyooshea mkono wa kulia.

Chupa nilikuwa nayo mfukoni. Basi tu, niliibeba.

Kucha nne. Sijamwaga hata tone!

Kocha anauliza tena. Sijasema Yoel. Nimesema asubiri, rangi bado mbichi.