Nafasi ya Mwakio Pangoni

Mpwa wangu Mwadime,

Pokea salamu za hapa Voi. Mama yako hajambo, mahindi ya Njukini yamekubali, na mimi mjomba wako bado nina nguvu za simba wawili.

Unauliza kama utie sahihi uwe baharia wa manowari hapo Kilindini. Umemuuliza mjuzi mwenyewe! Kule Misri, tulipolinda maghala ya Waingereza kando ya Mfereji, niliziona zikipita, ndefu kama kutoka hapa stesheni hadi Maungu. Nahodha mmoja alinipigia saluti.

Lakini Mwakio, rafiki yangu wa Rukanga, alikufa kwa homa melini tukirudi. Walimshona ndani ya turubai, wakamfunga chuma miguuni, wakamtosa. Meli haikusimama, ilikuwa ikiwahi vita vingine.

Nilipofika kwao, babake aliniuliza, "Kichwa chake tutakichukua wapi?" Unajua wazee wa huko kwao Kasigau huweka vichwa vya wafu wao pangoni, pamoja na mababu. Mimi, bingwa wa maneno, nikajibu, "Amezikwa chini ya mwamba, Baba. Niliuwekea alama."

"Basi utanipeleka."

Tangu siku hiyo, kila akinikuta sokoni huniuliza, "Mwanangu, twende lini?" Mfuko wa safari ameshaushona. Pangoni amefagia nafasi.

Usitie sahihi kwanza. Panda treni uje, twende wote Rukanga. Nataka kumwambia ukweli, na peke yangu nimeishia njiani mara tatu nikarudi.

Ni mimi mjomba wako,
Mghalu