Mbuzi wa Wazee Amerudi Kwao

Kathiani,
Machakos.
15 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Muthoka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako mzazi. Habari ya huko Doha? Joto linakuwacha ulale? Unakula chakula cha maana, ama bado ni ile mikate ya kununua? Mimi niko mzima. Goti linanisumbua nikipanda mlima, lakini nikishuka linanyamaza, kwa hivyo siku hizi napenda kushuka.

Usishangae kupata barua. Nikikupigia simu na jambo gumu unasema mtandao ni mbaya, halafu unapotea. Barua haipotei katikati. Kijana wa jirani yetu Mueni anarudi huko wiki hii, na nimemwambia akae akikuangalia mpaka uimalize.

Mazuri kwanza. Mbaazi zimefanya vizuri mpaka tumekosa magunia. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye kiburi kama shangazi yako. Wavinya, mke wako, amepata kazi ya kushona sare za shule na cherehani yake haipumziki. Mwelu mtoto wako amerefuka, sasa ananitazama kutoka juu. Hiyo siipendi, lakini nitafanya nini.

Sasa kaa chini. Ni mambo ya yule mbuzi.

Unajua kilichotokea Aprili, ingawa ulijifanya hujui. Mwelu alimwambia mama yake kwamba mwalimu wa kwaya alimfungia kwenye stoo ya ngoma na vinanda, akamshika mahali ambapo mtoto hashikwi. Jina la huyo mtu sitaliandika, kalamu ni yangu. Kesho yake Wavinya akaenda kwa Mchungaji Ndambuki, kwa adabu, kitambaa kichwani. Mchungaji akamwita Mbithi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, wakaomba sana. Walipomaliza kuomba wakamhamisha yule mtu akafundishe kwaya ya kanisa dogo la ng'ambo ya mlima, kama vile huko watu hawazai. Hata keki ya kumuaga walikata. Kipande changu nililetewa, nikawapa kuku.

Halafu wakakupigia simu. Na wewe, mtu niliyembeba kwa huu mgongo, ukawaambia sawa, walete mbuzi mambo yaishe.

Wakaleta. Beberu mweupe, mnene, mzuri wa kutazama. Mbithi akaniambia baba ya mtoto amekubali, tuchinje, tule pamoja, tusahau. Unajua vile sisi Wakamba tunafanya: mbuzi wa kupatana akishaliwa, kesi imekwisha, na aliyekula hana mdomo tena wa kulalamika. Wao walijua hivyo. Mimi pia najua, nimekula wengi.

Basi nikamfunga nyuma ya jiko na nikasema mtu asimkaribie na kisu. Kila Jumapili Mbithi ananiuliza kwa sauti ya upole kama tumeshachinja. Namjibu bado, ananenepa. Na alinenepa kweli, maana alimaliza sukuma wiki yangu, akala nusu ya kitambaa changu cha chama cha akina mama, na siku moja akaingia ndani ya nyumba akala kalenda ya kanisa, akianzia kwa picha ya Mchungaji. Hapo ndipo nilianza kumpenda.

Usifikiri nilikaa tu nikichunga mbuzi. Wiki ile ile, mimi na Wavinya tulimpeleka Mwelu kwa polisi, kwa lile dawati la mambo ya wanawake na watoto. Afisa alikuwa msichana mpole, akamsikiliza bila kumharakisha. Lakini alipowaita Mchungaji na Mbithi waandikishe walichojua, walisema hawajui kitu, ati ni mambo ya nyumbani na baba mwenyewe ameridhika. Neno lako, Muthoka, ndilo blanketi walilojifunika. Kesi ikakaa hapo. Mwelu akaacha kwaya, akaacha kanisa, akawa anafunga mlango mchana. Siku moja tukichambua mbaazi akaniuliza mimi nyanya yake, "Susu, kwani mimi bei yangu ni mbuzi mmoja?"

Nikamkumbatia, halafu nikaenda nyuma ya jiko kukaza kamba. Mbuzi bado nilikuwa naye.

Nikangoja Jumapili ya mavuno. Unakumbuka ibada ikiisha tunatoka nje, kila mtu na alicholeta shambani, na Ndunda anasimama juu ya benchi kupiga mnada. Siku hiyo watu walijaa. Hata wale wa kanisa la ng'ambo walikuja, na Khadar yule mfanyabiashara wa mifugo alitoka mjini kama kila mwaka. Ndunda aliuza maboga, akauza jogoo wa Mueni, akafika kwangu. Nilikuwa nimeshika kamba. Akauliza, kama kawaida, hii ni sadaka ya nani.

Nikamwambia, "Si sadaka. Ni mbuzi wa wazee, walituletea tunyamaze juu ya Mwelu. Hajaliwa. Namrudisha mzima, mkague hata meno."

Maskini Ndunda, mdomo wake umezoea mnada, akasema tu, "Nani anaanza?" Hakuna aliyeanza. Watu walimgeukia Khadar, maana yeye haachi mbuzi mnene hivi hivi. Akamzunguka, akampapasa mgongo, akatingisha kichwa. "Mbuzi ni mzuri, mama. Lakini huyu ana wenyewe, na wako hapa."

Mbithi akaja mbio kuniambia kando, kwa lugha ya nyumbani, kwamba namwaibisha. Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili na wageni wasikie. Akaanza hotuba kuhusu heshima ya kanisa, na Mueni akamwambia akae chini, leo haongozi mkutano.

Hapo akatokea mama mmoja wa kanisa la ng'ambo. Simjui jina, alikuwa amembeba mtoto na mwingine amemshika mkono. Hakupiga kelele. Alienda mpaka mbele ya Mchungaji akamuuliza, "Mlipotuletea yule mwalimu, mlikuwa mnajua?"

Muthoka, hata mbuzi alinyamaza.  Mchungaji angeweza kuomba, wao wakibanwa huomba. Lakini alisema, "Tulijua."

Yule mama akachukua kikapu chake cha mayai kutoka mezani, akaondoka. Mueni akachukua pesa ya jogoo kutoka kwa mweka hazina, akamrudishia aliyemnunua, akabeba jogoo wake. Wengine wakafuata. Akina mama wakasema mavuno yatarudi siku wazee watakapoenda kusema kwa polisi yale waliyoyajua. Meza ikabaki na boga moja, na lilikuwa limeoza.

Na mbuzi je? Nilimpa Mbithi kamba. Alimvuta mpaka nyumbani mwenyewe, na suti yake ya kijivu, akipita katikati ya soko. Mbuzi alizoea kwangu, hakutaka kuenda. Mbele ya duka la dawa alilala chini, na watu wakatoka madukani kutoa ushauri. Mmoja akamwambia Mbithi ambebe, si ni mali yake. Nilicheka mpaka goti likapona.

Jumanne Mchungaji na Mbithi walienda polisi kwa miguu yao, wakaandikisha kila kitu, na kile cha kumhamisha. Wakubwa wa kanisa wakaja kutoka Machakos. Mchungaji amesimamishwa kazi, baraza lote la wazee limevunjwa, na katika lile jipya Mueni yumo, kwa hivyo Mungu awasaidie. Yule mtu alikamatwa akifundisha watoto wimbo. Kesi itasikizwa Oktoba, korti ya Machakos. Sisemi imeisha. Nasema imeanza.

Mchungaji alikuja hapa kuomba msamaha. Chai nilimpa, sukari nikasahau. Alisema mbele ya Mwelu kwamba alijua mtoto anasema ukweli na akachagua kanisa lisiongelewe. Mwelu akamjibu kwamba amesikia, na atafikiria. Nilijivunia huyo mtoto hata nikamwongezea Mchungaji maziwa.

Sasa Mwelu anaimba tena, akiosha vyombo. Kanisani bado, na sitamsukuma.

Imebaki jambo moja. Wale wote waliokubaliana juu ya yule mbuzi wamesimama wakasema walikosea, isipokuwa mmoja, na anakula mikate Doha. Wewe ni mzee wa hii nyumba. Kama Mchungaji ameweza kusema mbele ya kanisa zima, wewe hushindwi na simu. Mpigie yule afisa, Wavinya atakupa namba, umwambie hukuridhika na chochote. Halafu umpigie mtoto wako. Usianze na shule. Usianze na hali ya hewa. Mwambie ulikosea, halafu nyamaza umsikilize. Mtandao ukisumbua, panda juu ya jengo.

Wavinya anakusalimu, ingawa alisalimu akiwa na sindano mdomoni. Mueni na Ndunda wanakusalimu. Ndama pia, nimemwita Doha kwa sababu haji akiitwa.

Ngai akulinde kwa hiyo kazi ya juu ya majengo, akupe usingizi, akupe na aibu kidogo, ile ya kumsimamisha mtu wima.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata nikikugombeza, na leo nimekupenda sana,

Kalunde

Nilikuwa nimesahau. Mwelu amepita hapa akauliza namwandikia nani. Nimemwambia. Halafu nimemwona ameenda kuweka simu yake kwa chaji.