Nukta Tatu Chini ya Galoni

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamka, nimewasalimia wote. Mama mkwe hajambo, kikohozi kimepungua. Rehema binti yangu hajambo, ila miguu imevimba na tumbo limeshuka. Kuku wametoka bandani. Mwisho gari. Nimechomoa kijiti cha oili, nimekifuta kwa kipande cha kanga, nimekichovya tena. Oili imeshuka chini ya alama. Asubuhi likiwaka linatoa moshi wa buluu. Likisimama linaacha matone.

Marehemu mume wangu ndiye alianza daftari hili, akiandikaga safari na oili. Mie naandika yote. Sina wa kumwambia.

Gari limemzidi Rehema umri. Kila siku linabeba masufuria yangu ya kuuzia chakula Temeke. Sasa litambeba na yeye uchungu ukimshika. Mumewe yuko safarini Tunduma. Toka hapa Pugu hospitali si karibu. Naogopa.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepita kwa Ami Nasoro, duka la spea, pale pale alipouzia baba yake. Hakukimbilia kuuza. Kauliza limetembea kiasi gani, moshi rangi gani, linavujia wapi. Nilijiona kama niko kliniki.

Mie niliishika ile oili ya ghali, nyepesi. Nilidhani ghali ndiyo dawa. Kanikatalia. Ile ni ya magari mapya, kwenye injini iliyolegea itapita tu na kuungua. Nikashika nzito kuliko zote, hiyo nayo kakataa. Asubuhi haipandi upesi, vyuma vinasagana vikavu. Kanipa galoni ya ishirini W hamsini, ya injini zilizotembea sana, ina dawa ya kulainisha mipira ya injini isivuje.

Nyumbani nimeitia galoni nukta tatu nyekundu chini, kwa rangi ya kucha ya Rehema. Ndivyo tunavyotiaga vyombo vyetu vyote, sahani na sufuria, visipotee kwenye shughuli za watu. Rehema kacheka mpaka kashika kiuno. Eti mama, hata oili unaipeleka harusini?

Alhamisi, 14 Agosti

Nimelipeleka gari na galoni yangu kwa Selemani, gereji yake Gongo la Mboto. Mdogo wangu, tumbo moja. Mama alipofariki niliacha shule darasa la tano nimlee yeye. Mwandiko huu ndio matokeo yake.

Nimemwambia wazi, gari hili ndilo la kumpeleka Rehema kujifungua. Kasema dada ondoa shaka. Nilitaka kusimama nione akimwaga ya zamani na kutia mpya. Kanifukuza kwa utani, nikanywe chai kwa wifi, jua litaniunguza. Nikaenda. Mtu hamlindi mtoto aliyemlea.

Niliomba galoni tupu nipandie mchicha. Kanipa. Gari limewaka bila kelele. Nimemwombea dua njia nzima.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepima. Nyeusi. Tena nyepesi kama maji, inanuka kuungua.

Nimempigia Selemani. Kasema injini ya zamani huchafua oili mpya, ndivyo inavyosafishwa. Hata marehemu alisemaga hivyo. Ila si siku ya tatu.

Nimeigeuza ile galoni tupu. Chini hamna nukta.

Pengine kachanganya, gereji ina galoni nyingi. Nimejikaripia. Kumdhania wizi mtoto niliyembeba mgongoni. Rehema sijamwambia.

Jumanne, 19 Agosti

Injini inagonga. Kama mtu anayebisha hodi kwa pete. Selemani kapokea simu mara ya tatu. Kasema nina wasiwasi tangu kuzaliwa. Nikasikia watu wakicheka nyuma yake.

Nimeumia. Nimepika chapati zikaungua.

Jumatano, 20 Agosti

Naandika kwenye benchi la hospitali. Rehema yuko ndani.

Saa nne asubuhi uchungu umeanza. Nikapakia beseni, kanga, vyote. Hatujafika Gongo la Mboto, taa nyekundu ya oili ikawaka. Injini ikalia kama kopo la mawe. Ikazima. Rehema kaniminya mkono, hakulia.

Nikampigia Selemani. Kasema anamtuma mteja wake mwenye teksi, yuko jirani hapo. Kafika upesi, mtu mzima, mpole. Kafungua buti aweke beseni.

Galoni ilikuwa humo. Imelala ubavu, imebaki nusu. Nukta tatu nyekundu zinanitazama.

Nilimkalisha Rehema kwanza. Tulipoondoka ndio nikauliza, taratibu, ile oili kainunua wapi.

"Kwa fundi Selemani, dada. Alisema ni ya bimkubwa mmoja, gari lake limeshakwisha, linakunywa chochote. Kamtilia ya kuchuja."

Ya kuchuja. Uchafu uliomwagwa kwenye magari ya watu, ukapitishwa kwenye kitambaa. Rehema kanitazama. Nikamwambia apumue.

Teksi ilikwenda kimya, haitoi hata moshi. Oili yangu ndiyo iliyotufikisha. Nilishukuru na kulia, mdomo nimeufunga.

Selemani alijua nani atapanda. Nilimwambia kwa kinywa changu. Angeniomba oili ningempa. Angeniomba gari lenyewe ningempa.

Saa nane mchana. Mtoto wa kike. Wote wazima. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 22 Agosti

Selemani kaja kumwona mtoto. Kabeba sabuni na maneno mengi. Eti gari lilikuwa limechoka, si alikuwa akiniambia.

Nilimwacha ale. Akamaliza. Nikaigeuza sahani yake mbele yake. Nukta tatu. Kala kwenye sahani hizo tangu hajui kunawa mwenyewe.

Kaivuta sahani, kaigeuza tena. Kisha kasema:

"Dada, hata ningetia ile nzuri lisingefika mbali."

"Lilitakiwa lifike hospitali tu."

Kaondoka, chai kaiacha. Mtoto hakumpakata. Sikumkataza, hakuomba.

Jumanne, 26 Agosti

Siku ya saba. Mtoto kanyolewa, anaitwa jina la mama yangu. Mama yake Selemani pia.

Gari liko uani, limevutwa kwa kamba. Fundi mwingine kalifungua, kasema vyuma vimekwaruzika ila halijafa. Akilifunga na kulitia oili, nitasimama pembeni yake na jua liniunguze.

Asubuhi yule dereva wa teksi kapita. Kumbe Rehema alimweleza ile siku, wakati mie nauliza njia ya wodi. Kanirudishia galoni na oili iliyobaki ndani. Nimemwambia si deni lake. Kaiacha mlangoni. Mtu baki kanirudishia chombo changu na kitu ndani. Ndugu yangu alinipa kitupu, tena si changu.

Mchana wifi kaleta bakuli la supu kwa mzazi. Macho yake chini. Yeye sina neno naye. Bakuli nimeliosha, nikalikausha. Tumefundishwa chombo cha watu hakirudi kitupu. Nimelijaza pilau mpaka juu, nyama nimeweka ya paja, anayoipenda Selemani. Nimelifunika.

Wifi kauliza kama nitamsindikiza mpaka kwao.

Nikamwambia leo hapana.