Maji Chini ya Zulia la Audrey

Wethney,
Somerset,
Uingereza.
2 Juni

Mpendwa dada Winifred,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako laendeleaje? Na baridi ya huko Tasmania imeshaanza kukung'ata? Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi na ukaidi, na vyote viwili unavijua tangu utotoni.

Kanisa limepata kasisi mpya, kijana mpole anayeogopa mbwa. Mitofaa imechanua vizuri mwaka huu. Basi, habari njema zimeishia hapo.

Nina hofu kwa ajili ya Audrey. Mwanangu na mumewe Clive wamenunua nyumba mpya katika shamba lililokuwa la kina Pococke. Wajenzi wamebandika kibao getini, "Bustani ya Matofaa." Tofaa lenyewe sijawahi kuliona pale, na wewe pia hujawahi. Sisi tulipajua kwa jina la Oxmere.

Unakumbuka baba alivyopenda kutusomesha mezani? Kwamba maneno yetu ya kila siku, maji, mkate, ng'ombe, nyumba, ni ya Waanglo-Saksoni, wakulima waliovuka bahari kuja kulima huku. Kifaransa kilikuja baadaye, na mahakama na mabwana wake. Wale wakulima hawakuwa na muda wa kupamba. Walipoona ziwa, waliita ziwa. Ox ni maksai, mere ni ziwa: Oxmere ni ziwa la maksai, dada. Waliwanywesha ng'ombe wao pale.

Nilimwambia Clive hivyo kabla hawajalipia. Akacheka. "Mzee, hao watu wamekufa zamani. Wataalamu wamepima, pakavu!" Audrey naye akaninunia: "Baba, usinitilie nuksi kwenye nyumba yangu."

Mwezi uliopita tukazunguka mipaka ya parokia kama kila mwaka, na fito zetu za mierebi. Ada unaijua: penye kila jiwe la mpaka tunaita jina la mahali na kupiga chini kwa fito, na mpaka haukwepwi, hata ukikatiza nyumba ya mtu. Na mpaka wetu sasa unakatiza sebule ya Audrey. Alitufungulia mlango akicheka, mkono juu ya mimba yake changa, keki ziko tayari mezani. "Karibuni, lakini viatu mvulie nje, nyinyi wachafu!"

Tukaingia kwa soksi, watu wazima na fito zao, tukicheka kama watoto. Palipokuwa jiwe la mpaka zamani sasa pana zulia la kijani, karibu na dirisha. Mimi ndiye mwitaji wa majina, kwa hiyo niliinua ufito, nikaita "Oxmere!" mara tatu, na kila nilipoita tukapiga sakafu sote.

Pigo la kwanza lilikuwa kavu. La pili likatoa sauti ya tope. La tatu, maji yakapanda kwenye zulia na kulowesha soksi za kasisi. Winifred, mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi! Hakuna aliyecheka tena. Mama Pococke alijifanyia ishara ya msalaba, naye hata kanisani haji.

Clive alisema ni ndoo ya deki iliyomwagika. Audrey alikubali upesi mno. Nilimtazama usoni, nikaona anaogopa, na anaona haya kuogopa mbele yangu.

Jumapili nilikwenda kuwaona. Wamenunua zulia jipya, zito zaidi. Juu yake wameweka kitanda cha mtoto, kwa sababu pale dirishani ndipo penye mwanga. Audrey alipokwenda kuchemsha chai, niliingiza mkono chini ya zulia. Nilificha kiganja mfukoni hadi nilipoondoka.

Mimi hanisikii, dada. Ananiona mzee anayesemeshana na majina. Wewe ni shangazi yake, na tangu utoto amekuogopa na kukupenda kuliko sisi sote. Mpigie simu. Usimwambie mimi nimekuandikia. Mwambie aje akae kwangu; chumba cha juu nimeshakipaka rangi.

Nisalimie shemeji Harold, na Thelma na wanawe. Mama Pococke anakusalimu. Mungu awaweke salama, na aiweke nyumba yenu mahali pa juu.

Mtoto anatarajiwa Novemba. Na Novemba, unajua mwenyewe, ndipo mto wetu unapopanda.

Ndugu yako akupendaye daima,
Godwin