Siku Niliyoitoa Siri ya Chumbani

Mume wangu Baba Mwanaidi,

Jana nimetoka eda. Wenzangu wameniogesha, wamenisuka, wamenivisha kanga mpya, wakala pilau wakaenda zao. Leo nimebaki na nyumba na kimya chake, nikaona nikuandikie. Kuna jambo hatukulizungumza hadi umeondoka, na mimi kumeza maneno siwezi, unanijua.

Ni siku ile ya hospitali kule Kibaha. Ngiri ilikuwa imekutesa miaka, unaifunga kitambaa chini ya msuli ukijifanya hamna kitu, mpaka ulipoanguka shambani hapa kijijini kwetu Masaki na tenga la mihogo mikononi. Ulipokubali kupasuliwa nilimshukuru Mungu. Ukavaa kanzu nyeupe, ukajipaka na mafuta mazuri. Nikakutania, "Daktari akikuona hivi atadhani umekuja kuposa." Ukacheka mpaka ukashika kinena.

Daktari mwenyewe alikuwa binti, umri wa Mwanaidi wetu. Akakuamkia, ukaitikia marahaba kwa sauti nzito. Akauliza kama unaishiwa pumzi. Ukasema hata kidogo. Akauliza tena, "Mzee, ukilala unatumia mito mingapi?"

"Mmoja tu, mwanangu."

Mmoja! Miezi yote ile ulikuwa unaegemea mito mitatu, karibu umekaa, na ukiteleza chini kidogo unazinduka ukitafuta hewa. Jioni miguu ilivimba hata makobazi hayaingii. Hayo niliyajua mimi peke yangu. Na kungwi wangu alinifunda nikiwa mwali, kanishika sikio kabisa, kwamba ya chumbani hayavuki kizingiti. Miaka thelathini na nane sikuyavusha. Hata mama yangu mzazi hakuwahi kusikia lako kutoka kwangu.

Nikamwona yule binti anaandika. Nikasema, "Mitatu, daktari. Na miguu inamvimba."

Hukunitazama. Binti akaweka kalamu chini, akakusikiliza kifua upya, safari hii kwa muda mrefu, kisha akataka upigwe picha ya moyo kabla ya lolote, kile kipimo wanachokiita eko. Niliruhusiwa kuingia. Ulilalia ubavu wa kushoto, ukapakwa ute wa baridi, ukaguna. Kwenye kioo nikauona moyo wako, Baba Mwanaidi. Ulikuwa unajikunja na kujikunjua kivivu, kama mtu aliyechoka kukanda unga. Nikalia pale pale, na sikuona aibu.

Binti akatueleza taratibu. Si kila anayepasuliwa anahitaji kipimo kile, alisema, ila dalili zako ndizo zilizomshtua, na kweli moyo ulikuwa hausukumi damu vizuri. Wangekupa nusu kaputi hivyo hivyo, huenda usingeamka. Kwanza dawa, moyo upate nguvu. Upasuaji baadaye, kwa ganzi ya sehemu ile tu.

Tulipofika nyumbani ulisema neno moja: "Leo umenivua nguo mbele ya mtoto." Ukabeba mkeka na mito yako yote ukahamia chumba cha uani. Siku kumi na moja! Chai yangu ulikunywa, dawa ulipokea, lakini macho hukuinua. Nilikaa jikoni nikajilaumu, nikajitetea, nikajilaumu tena. Niliogopa nimekupata mzima na nimekukosa.

Siku ya kumi na mbili, mchana, ukaingia chumbani na mito miwili. "Ule mwingine wape kuku wakatagie," ukasema. Nikacheka, wewe ukajikaza. Msamaha hukuutamka, nami sikuuomba, kwa sababu sikuwa najuta.

Ukapasuliwa baada ya miezi miwili, ukatoka salama. Tuliporudi kliniki, binti yule yule akakuuliza, "Mzee, unaendeleaje?" Ukaninyooshea kidevu.

"Muulize huyu. Mimi nitakudanganya."

Nikamwambia, "Anapumua vizuri." Tukaishi miaka mitatu mingine, tukigombana kwa sababu ya chumvi niliyokunyima, na naapa ilikuwa mitamu kuliko ya ujana wetu. Nilikupenda sana miaka ile. Moyo ulipochoka kabisa ulikuwa kitandani kwetu, mkono wangu uko kifuani pako. Alhamdulillahi kwa hilo.

Ila tangu uondoke, kila anayepita hapa ananiuliza naendeleaje. Mwanaidi anapiga simu asubuhi na jioni kuuliza hayo hayo. Nawajibu sijambo, nakula, nalala. Wananiamini wote, mume wangu, kwa kuwa hayupo tena wa kuwaambia kwamba nasema uongo.

Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru.

Mkeo,
Mama Mwanaidi