Tumepiga Embaire Maktaba ya Mbale

Afande Wamimbi, rafiki yangu,

Keti vizuri huko uliko, maana habari ninayo na nisipokueleza leo nitapasuka. Jumamosi tumepiga embaire, marimba yetu kubwa ya vibao, maktabani. Ndiyo, maktaba ya Mbale, mahali ambapo wewe na mimi tuliogopa hata kukohoa.

Mkutubi alinipigia simu akikutafuta wewe. Kulikuwa na siku ya watoto kusoma, na safari hii walitaka wanamuziki waje na vyombo vyao, watoto wavisikie kwanza ndipo wakatafute vitabu vinavyovieleza. Hakujua kwamba umetuacha. Nikamwambia. Akanipa pole, halafu mdomo wangu ukasema wenyewe, "Nitakuja mimi."

Nilipokata simu nikajiona mjinga. Embaire haipigwi na mtu mmoja, kila upande una nusu yake ya wimbo, na tangu tukuzike sijaigusa. Vibao vyake nilivifunga kwenye blanketi nikaviweka nyuma ya mlango, hapa Bugembe. Vijana wa jirani wanajua nyimbo zote za harusi, lakini ule ulioutunga binti yako Irene alipozaliwa hawaujui. Na mimi naujua nusu tu, ya upande wangu. Nusu ya kwako uliondoka nayo. Nakwambia kweli, hilo liliniuma kuliko kuliona jeneza likishuka.

Nikaenda hivyo hivyo. Kondakta alitazama mzigo wangu akaniuliza, "Mzee, unapeleka kuni Mbale? Huko kuni imeisha?" Ungekuwepo ungemjibu vizuri.

Mkutubi ni mama mfupi mwenye miwani. Alikuwa amenitengea nafasi ndani, juu ya vigae vinavyong'aa. Nikamweleza kuwa embaire inalazwa juu ya magogo ya mgomba, na chini yake lazima kuwe na shimo, la sivyo sauti haingurumi. Akatazama nyasi za uani, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe amefuata jembe! "Chimba, mzee, lakini utafukia." Watoto walinishangilia kila jembe liliposhuka, sijawahi kuchimba kwa fahari namna ile tangu tuingie kazi ya magereza.

Mama Irene, mke wako, alikuja kutoka Namakwekwe, mtaa wa huko huko Mbale alikorudi baada ya msiba. Alisimama nyuma ya watoto, mikono kifuani. Nikaanza nusu yangu ya wimbo wa Irene. Afande, ilikuwa kama mtu anayeongea kwa simu, wa upande wa pili humsikii. Nilitaka kuacha.

Ndipo mke wako akapita katikati ya watoto, akavua viatu, akaketi mahali pako. "Leta fimbo," akasema. Nikamuuliza kama anajua. Akafyonya, ile ya kwake unayoijua. "Unafikiri masikio yangu ilikuwa imekufa? Nyumbani alikuwa anapiga ya kwako juu ya meza, mimi napiga ya kwake na mwiko. Kila siku, Afande!"

Akapiga. Ee Wamimbi! Nusu yako yote, nzima, haijakatika hata kidogo. Machozi yalinitoka mbele ya watoto wa watu na sikuyafuta.

Ila mwisho wa mzunguko wa wimbo akanyanyua fimbo, pigo moja likapotea, pale pale ulipokuwa ukilipoteza wewe. Unakumbuka nilivyokukaripia? "Umelala tena, Afande!" Miaka yote, na wewe ulicheka tu. Nikamwambia hata yeye amelala. Akanikazia macho huku mikono inaendelea. "Nani analala? Hiyo pigo ni yako. Alikuwa anakuachia. Kila jioni alikuwa anarudi anasema, leo tena Waiswa hajachukua." Nikamuuliza mbona wewe mwenyewe hukuniambia. "Alisema akikuambia utapiga kama amri. Alitaka usikie mwenyewe."

Mzunguko uliofuata nikalichukua. Pigo moja tu, na wimbo wote ukasimama wima. Watoto hawakujua kilichotokea, lakini waliruka. Mkutubi alicheza mpaka miwani ikaanguka kwenye nyasi. Mimi na mke wako tulicheka tukipiga, hatukuweza kukoma. Alasiri watoto walijipanga wapige wawili wawili, na kitabu cha ngoma kiligombaniwa hadi kikaandikiwa foleni.

Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuita msinziaji kumbe kiziwi ni mimi.

Sasa nakuaga. Maktaba ya Jinja nayo imetuita, na Mama Irene ameshaamua kuwa yeye ndiye anayeanza, mimi nafuata. Nani abishane naye? Nakuahidi hili: Irene akiolewa, wimbo wake utapigwa mzima. Wewe sikiliza pale mwisho wa mzunguko. Nitakuwepo.

Wako,
Waiswa